Kuchanja Kuni Kondoa

Basi liliondoka stendi ya Nanenane, Dodoma, asubuhi na mapema, na jua lilipoanza kukaza tulishaipita Mayamaya. Tangu lami ya kwenda Babati izinduliwe 2018, kufika Kondoa si safari ya kumchosha mtu. Njiani ni mibuyu tu. Ukubwa wote ule, na bado mchanja kuni hana shughuli nao: ndani ni nyuzinyuzi laini zilizojaa maji.

Nilikuwa naufuata mgunga. Ulikufa umesimama, upepo ukaulaza nyuma ya nyumba ya mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kunywa uji kwanza, kibali tunacho, na fundi wa chenso ameshafika."

Kijana yule alichanganya mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, akajaza na tanki la oili ya mnyororo, kisha akanoa jino moja moja kwa tupa ya duara. Alinipa kanuni ambayo sitaiacha: chenso ikitema vumbi badala ya chenga, zima, unoe. Gogo lilikuwa limeegemea pande mbili, kwa hiyo ukilikata kutoka juu moja kwa moja linajikunja na kuubana mnyororo. Alianza juu kidogo, akamalizia kwa chini. Na ncha ya msumeno hakuigusisha kwenye mti hata mara moja, maana hapo ndipo unapomrukia mtu usoni. Aliponiachia nikate, nilisikia injini ikibadilisha sauti kila ilipokutana na fundo, na mawazo yote ya ofisini yakanitoka.

Lakini raha yenyewe ni shoka. Unasimamisha pingili, unatafuta nyufa zilizotoka kwenye kiini, unalenga ufa mmoja, na uzito wa shoka unafanya kazi. Mgunga mkavu unaitika "twa!" na harufu yake inakupanda puani. Ukikutana na fundo usishindane nalo. Anzia pembeni, banzua kidogo kidogo, au pigilia kabari. Saa zilikwenda sikuziona. Pumzi ilikaa sawa, mabega yakalegea, na nilichokuwa nafikiria ni pigo linalofuata tu.

Jioni mjomba alinionyesha makorongo upande wa pili. Alikuwa mdogo mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulipoanza 1973, na anakumbuka mifugo ikiondolewa 1979 ili ardhi iliyomomonyoka ipumue. Ndiyo maana kwa mjomba mti mbichi haukatwi kwa ajili ya kuni, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote. Mti mbichi wenyewe haukupi chochote ila moshi.

Kuni tulizipanga juu ya mawe, zisiguse udongo, upepo upite katikati. Shina la chini, lile nene, bado liko. Mwezi ujao narudi na kabari mbili za chuma.