Mazutu juu ya nyanya

Natoka soko la Kadutu hapa Bukavu sasa hivi, nguo zinanuka mazutu (dizeli).

Wakaguzi wa usafi wamepita leo kwenye vibanda vya chakula. Mmoja hakuanza na tarehe. Alibonyeza kila kopo la nyanya kwa kidole gumba.

Kifuniko kikirudi juu, "tak!", kopo linaingia kwenye gunia.

"Mama, humu mna hewa. Inatengenezwa na vijidudu. Usiuze, wala usipike nyumbani."

"Papa, niachie hata nusu. Nilikopa."

Hakuachiwa.

Makopo yakatobolewa moja moja, yakamwagiwa mazutu. Nikauliza, kwani si yanaenda kuzikwa?

Akacheka kidogo. Yakizikwa mazima, usiku watu wanayafukua, kesho yamerudi sokoni kwa bei ya chini. Ukiweka mazutu, hata mwenye njaa anakimbia harufu.

Jamani, nyanya nyekundu ikichanganyika na mazutu… sijui kama nitakula mchuzi leo.

Kazi yao naikubali kabisa. Ila yule mama alinunua kwa jumla, na aliyemuuzia sikuona akiguswa.

Ninyi wa Ibanda na Bagira, huko kwenu wakaguzi wanafika hadi depo za jumla, au wanaishia kwa wamama wa vibanda?