Oda ya mwisho ya kila mteja: ORDER BY haipangi ndani ya kundi

Nilitaka oda ya mwisho ya kila mteja, nikaweka GROUP BY mteja_id (kukusanya oda kwa kila mteja) halafu ORDER BY tarehe DESC (mpya kwanza), database yangu ya MySQL ikarudisha kila mteja mstari mmoja kweli ila oda zenyewe za zamani. Kumbe ORDER BY inakuja makundi yakishaundwa, inapanga matokeo tu, haichagui mstari gani utoke ndani ya kundi. Na ONLY_FULL_GROUP_BY (seting ya MySQL inayozuia kwiri za namna hii) ikiwa imezimwa, kolamu isiyokuwemo kwenye GROUP BY inapewa thamani yoyote bila hata kulalamika, database nyingine kama PostgreSQL ingekataa hapo hapo na mi naona bora hivyo. Wapo wanaosema panga kwanza kwenye kwiri ya ndani ndo ugrupu nje, usifanye, mpangilio wa ndani unaweza kutupwa.

Kwiri iliyokubali ni hii, inazipa oda za kila mteja namba kuanzia ya mwisho halafu inachukua namba 1:

SELECT * FROM (SELECT o.*, ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY mteja_id ORDER BY tarehe DESC, id DESC) AS namba FROM oda o) t WHERE namba = 1 ORDER BY tarehe DESC;

Hiyo id DESC usiiache, tarehe zikifanana ndo inaamua. Inataka MySQL 8.0 kwenda juu, kama bado uko 5.7 tafuta MAX(tarehe) ya kila mteja halafu ujoini na tebo yenyewe, ila hapo tarehe zikigongana mteja mmoja anatoka mara mbili.