Nilivyobadilisha matairi ya pikapu bila kuuza shamba

Tairi la nyuma kushoto lilinitupa mkono kati ya Mombo na Korogwe, saa nane mchana, nikiwa na magunia manane ya karoti. Halikupasuka. Ngozi yake ya juu ilibanduka kama ganda la muhogo, ikawa inachapa bodi, pa, pa, pa, hadi nikapata pa kuegesha. Kilichoniuma ni kwamba meno yake yalikuwa bado marefu. Nililinunua mtumba miezi mitano nyuma kwa ajili ya meno hayohayo.

Fundi pancha hakujishughulisha na palipobanduka. Alilowesha kidole mate, akasugua tope ubavuni. "Dada, hili lingekuwa mtoto lingekuwa darasa la tano." Mwishoni mwa herufi za DOT, zile alama za kiwandani, palikuwa na namba nne: 0911. Lilitengenezwa wiki ya 9, mwaka 2011. Wakati huo ilikuwa 2022. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na mpira mzee ukikutana na mzigo, mwendo na lami ya moto, tabaka zake huachana.

Mtumba nikauapia. Lakini mapya yenye majina makubwa niliyoulizia yalikaribia 800,000 kwa moja, na mimi nataka manne. Karoti gani hizo?

Wenzangu wa Lukozi, kule Lushoto, wakanishauri nifunge kashata, yale ya M/T yenye meno kama ngazi. Kwenye tope kweli hayana mpinzani. Ila nilipopiga hesabu ya safari zangu, udongo mwekundu wa kule vijijini ni kipande kifupi. Baada ya hapo ni lami, kona za Soni hadi Mombo, kisha zaidi ya kilomita 300 mpaka Dar. Kashata kwenye lami hunguruma, hula mafuta na huisha upesi. H/T nayo, ya barabara kuu, mvua za masika ingeniacha mtaroni. Nikabaki na A/T, ya katikati.

Kariakoo, muuzaji akanisifia saizi kubwa zaidi, 265/75R16: "Gari litasimama, dada!" Ranger yangu inavaa 255/70R16. Nikatoa simu nikapiga hesabu palepale dukani. Tairi langu lina kimo cha milimita 763, lake 804. Maana yake mshale ukionyesha 50, mimi nakwenda karibu 53, na matrafiki wenye tochi hawapokei maelezo ya kimo cha tairi. Achilia mbali kukwaruza bodi nikikata kona na mzigo. Nikamwambia anipe saizi yangu.

Palikuwa na aina mbili za Kichina za bei ninayoiweza. Ya rahisi zaidi iliandikwa 109, yaani tairi moja hubeba kilo 1,030. Nyingine 111, kilo 1,090. Kilo 60 zaidi kwa kila tairi, nami nabeba karoti, sibebi pamba. Nikachukua ya 111 kwa 390,000. Alipoyatoa stoo nikaomba kusoma tarehe moja moja. Matatu yalikuwa ya mwaka uliopita, la nne lilikuwa na miaka minne. Akakunja uso, akalibadilisha. Tulibishana mpaka manne yakawa 1,480,000, kufunga na balansi ndani. Alaimenti nilifanya gereji nyingine siku hiyohiyo, maana gari lililokaa upande hula tairi jipya kama la zamani.

Tabia yangu nayo ilibidi ibadilike. Zamani nilipunguza upepo kwenye tope nikasahau, nikateremka nao hivyohivyo hadi kwenye joto la Mombo. Nashuku ndio uliomalizia lile la 2011. Siku hizi nina pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri: nashusha hadi PSI 24 (kipimo cha upepo) kwenye utelezi, na nikifika Lushoto mjini napandisha tena hadi 38 kwenye matairi ya nyuma kabla ya kushuka mlima. Utingo wangu analalamika kusubiri. Asubiri.

Spea bado ni la zamani, la 2018, na najua ni dhambi. La tano nitanunua mavuno yajayo. Lile lililobanduka nilimwachia fundi wa njiani. Alisema ana mteja wa viatu vya katambuga.