Taa ilikufa

Mpwa wangu wa Herefordshire, Uingereza, yule anayefanya kazi kwenye shamba la kondoo, amenitumia video nyingine. Safari hii hakuna kondoo wala ukungu. Ni kioo cheusi tii, na katikati yake kitu cheupe kinatembea kama mzimu mdogo: masikio mawili yamesimama, mkia mnene unafuata nyuma. Mbweha. Kijana ananunua darubini ya joto, ile inayoona joto la mwili bila kuhitaji taa, na amekwama kati ya mbili. Bosi wake anataka mbweha wapunguzwe kabla kondoo hawajaanza kuzaa. Kibali cha polisi anacho, bunduki ya .223 anayo. Akanieleza pia kwamba kwao kulungu hapigwi usiku bila kibali maalumu, kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla ya kuchomoza. Mbweha hana bahati hiyo.

"Shangazi," akaandika mwishoni, "babu alikuwa anatumia nini usiku?"

Swali lilinikuta namenya matoke. Nikaweka kisu chini.

Babu yake, yaani baba yangu, mwindaji wa nguruwe mwitu walioharibu mashamba, hakuwa na darubini ya aina yoyote. Alikuwa na Lee-Enfield ya .303, mali ya serikali, bunduki ya Waingereza yenye magazini ya risasi kumi na kitako kilichopasuka na kufungwa waya. Hakuichagua. Gemu, yaani idara ya wanyamapori, walimpa, naye akaipokea kama mtu anavyopokea mke wa kurithi. Kuchagua kwake kulikuwa kwenye vitu vidogo vya kuizunguka ile bunduki, na hapo alikuwa msumbufu kuliko bibi harusi.

Mfano ni kile chuma cha mbele cha kulengea. Gizani hakionekani kabisa. Mzee alikoroga unga wa muhogo kidogo, akapaka kinundu cheupe pale juu, akaacha kikauke. Panya wakakila. Akapaka tena, wakakila tena. Akahamia dawa ya meno, ambayo panya hawakuitaka, na nyumba nzima tukapiga mswaki kwa mkaa msimu mzima.

Kila msimu ulipoanza alibandika ukurasa wa daftari langu kwenye kichuguu, akarudi hatua hamsini, akapiga risasi tatu. Tatu tu, kwa sababu zilihesabiwa na maganda yalirudishwa ofisini. Kwa nini kichuguu? Kwa sababu kinameza. "Risasi haina akili," alikuwa akisema, "ikikosa inaendelea na safari." Hata usiku, akichagua mahali pa kukaa, kwanza aliuliza kuna nini nyuma, ndipo akauliza nguruwe watapita wapi.

Kusafisha kulikuwa kazi yangu, kwa kuwa kaka zangu walikuwa bweni. Zile risasi za zamani za jeshi fataki yake, kile kinachowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayayeyushi chumvi. Ukipaka mafuta juu yake unaifunika tu, kutu inakula chini kwa chini. Kwa hiyo nilichemsha maji kama ya chai, nikayamimina kwa faneli kutokea nyuma ya mtutu mpaka chuma kikawa hakishikiki. Halafu ile kamba yenye kizito cha shaba, inayolala ndani ya kitako pamoja na kichupa cha mafuta. Unaangusha kizito kipite, unavuta kitambaa, unarudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ndipo mafuta. Na jioni ya kutoka, mafuta yale yale unayafuta tena, maana mtutu wenye mafuta hupeleka risasi ya kwanza anakojua Mungu, na usiku ya pili huipati.

Haya yote namwandikia kijana kwa raha. Nikifika kwenye taa, vidole vinakuwa vizito.

Taa ilitoka kwenye trekta bovu. Mbele yake nilifunga nailoni nyekundu iliyokuwa imefungiwa zawadi za harusi, kwa kuwa nguruwe mwitu haoni wekundu vizuri. (Mpwa wangu anasema hata mbweha hivyo hivyo, na kwamba wenzake wasio na hela ya darubini wanatumia chujio jekundu mpaka leo. Nilifurahi kusikia.) Betri ilikuwa ya gari, ya volti 12, nzito, nikiibeba kichwani hadi Kigumba mjini kwa fundi mwenye jenereta. Kuchaji siku nzima kulikuwa na bei yake, nusu siku nusu yake.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ilikuwa haijaundwa, ilikuja miaka miwili baadaye. Mwenye shamba mmoja, upande wa porini, alikuja kulalamika kwamba nguruwe wanammaliza. Mzee akaenda kukagua mchana, nikamfuata. Palikuwa na mabua yaliyolazwa chini, yamekanyagwa na kutafunwa, hiyo ni kazi ya nguruwe, kila mtu anaijua. Lakini mbele kidogo palikuwa na mistari miwili, mitatu, ambayo mabua yalisimama wima, hayana hindi. Yamevunjwa vizuri, kwa kuzungushwa. Mzee alishika bua moja, akaliangalia pale lilipovunjwa. Akaliachia. Hakusema neno, na mwenye shamba naye hakusema.

Akanipa hela ya betri. Ya siku nzima.

Nikachaji nusu. Nusu nyingine nikala: chapati mbili na soda. Sitatafuta maneno mazuri ya kulipamba.

Usiku tulipanda juu ya kichuguu pembeni mwa shamba, mzee, mimi, taa, betri, na soksi yenye majivu. Soksi ni ya upepo. Unaitikisa kidogo, unaangalia vumbi linaelekea wapi, kwani nguruwe macho yake ni mabovu lakini pua yake ni ya ajabu. Hakukuwa na mwezi. Mbu walitula. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia.

Somo la macho nilikuwa nalo kichwani tangu zamani. Ukimulika mbuzi, macho yanawaka. Mbwa yanawaka, paa yanawaka, paka ndiyo usiseme. Nguruwe hayawaki, kwa sababu hana ile ngozi ya nyuma ya jicho inayorudisha mwanga. Kwa hiyo kwa mwindaji wa nguruwe kinachowaka unakiacha, na kisichowaka ndicho unachokitafuta. Mwenye mbweha anafanya kinyume kabisa, anatafuta macho kwanza. Lakini mzee kila mara alimalizia somo lile kwa sentensi moja, naye akiisema haraka haraka, kama mtu anayesoma dawa inapigwa mara ngapi kwa siku: "Na binadamu hayawaki."

Ikawa kama saa saba. Nikasikia: kra.

Halafu kimya.

Kra.

Mzee akaniwekea mkono begani. Nguruwe akila mahindi utadhani watu wanabomoa nyumba, bua linaanguka, watoto wanagombana, kuna kukoroma na kutafuna. Hii ilikuwa kra moja, kimya, majani yanasugua, kra nyingine. Nilifikiri ni nguruwe mmoja, dume pekee, mjanja. Sijui yeye alifikiri nini. Nilisikia komeo la bunduki likirudi na kusukuma risasi ndani, polepole, chuma juu ya chuma chenye mafuta, sauti ndogo kuliko ya mtu anayemeza mate.

"Mama," akanong'ona. Aliniita mama, nimerithi jina la mama yake. "Washa."

Nikawasha. Ule wekundu uliotoka sijausahau. Haukuwa wekundu wa taa, ulikuwa wa kaa linaloelekea kuzima, duara lenye kingo zilizochakaa, na ndani yake mistari ya mahindi inaonekana kama nguzo za nyumba iliyoungua. Hatua thelathini hivi. Kati ya mistari, chini, kitu cheusi kimeinama. Mgongo wa mviringo. Kikasogea kidogo, kikasimama. Kikageuza kichwa kutuelekea, nadhani, kwa sababu sehemu ya juu ilibadilika umbo. Nikangoja macho.

Hayakuwaka.

Nikajiambia, nguruwe. Kwa furaha kabisa nikajiambia, nguruwe. Shavu la mzee lilikuwa juu ya kitako, nilisikia ndevu zake zikikwaruza mbao. Kinundu cha dawa ya meno kilikuwa kimetulia, cheupe, hakitikisiki. Akavuta pumzi, akatoa nusu, akaishikilia nyingine, kama alivyofanya kwenye kichuguu cha mazoezi. Nikahesabu. Moja. Mbili. Taa ikaanza kushuka, ikawa rangi ya chai ya rangi, na kile kitu kikawa kinayeyuka pale pale kilipo, mgongo ukawa giza na giza likawa mgongo. Tatu. Nne. Nilibonyeza betri kwa goti kana kwamba itasaidia.

"Zima."

Nikazima.

Na gizani, kutoka pale pale, mtu akakohoa.

Kikohozi kidogo, cha mtu aliyekibana muda mrefu kikamshinda. Mzee hakuruka, hakupiga kelele ya mwizi. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuagiza chumvi mezani: "Nenda nyumbani. Taratibu. Usikimbie." Pakapita muda. Halafu majani yakasugua, gunia likaburutwa, hatua zikaenda zikipungua. Nyepesi. Za mwanamke au za mtoto, sikuweza kujua, na mpaka leo sijajua.

Mzee akatoa risasi kwenye bunduki kwa kupapasa, akaishika kiganjani. Hatukushuka. Tulikaa tu. Baada ya muda aliniomba maji, na nilipompa chupa niligusa mkono wake, ukawa umelowa kama umetoka mtoni.

Saa kumi alfajiri nguruwe wenyewe wakaja, upande wa pili, familia nzima, wakabomoa nyumba yao hadi kukaribia kucha. Mzee aliwasikiliza. Hakuinua bunduki.

Asubuhi mwenye shamba alikuwa mkali. Serikali inawalipa kulala? Mzee akamjibu maneno mawili: "Taa ilikufa." Mwenye shamba akaniangalia mimi, mbeba taa. Nikaangalia miguu yangu. Njiani kurudi mzee alibeba betri mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hakuniuliza kitu. Nilitaka aniulize. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

Nilimwambia habari ya chapati miaka mingi baadaye, akiwa amestaafu, tumekaa chini ya mwembe. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza, ulijua ni mtu? "Nilijua tangu ile kra ya kwanza," akasema, "nguruwe hazungushi hindi." Nikapumua. Nilitembea na jibu hilo kama mwaka mzima, likinifaa vizuri. Kisha siku moja, bila kuulizwa, tukiwa tunazungumza habari nyingine kabisa, bei ya mabati nafikiri, akanigeukia: "Ile taa ingekuwa nzima, ningepiga." Akaendelea na mabati.

Sikumuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Huwa nafikiri pia kwamba taa nzima ingetuonyesha gunia. Au kitenge. Au kiganja cha mtu kimeshika hindi. Nimeiwasha taa hiyo kichwani mara nyingi, ikiwa imejaa na ikiwa nusu, na kila mara inanipa kitu tofauti.

Kwenye darubini ya mpwa wangu kila chenye damu ni cheupe. Nimemuuliza, na mtu je? Akanitumia video ya bosi wake akitembea kando ya ua, hatua kama mia mbili. Mzimu mweupe, mrefu kidogo kuliko yule wa mkia. "Unaona, Shangazi? Huwezi kuchanganya." Nikamuuliza, na akiinama? Hakujibu mpaka kesho yake, alikuwa kazini.

Darubini sizijui, nikamwachia achague mwenyewe. Nikamwandikia mambo matatu tu: ukitoka jioni kausha mtutu, kaza skrubu za kufungia darubini kila wiki, chaji betri siku nzima. Nikayasoma. La tatu nikalifuta, nikaliandika tena, nikakaa nalo mpaka matoke yakaanza kuwa meusi kwenye sinia, ndipo nikatuma.