Mkasi uliokuwa ukinipimia ardhi

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, nilikimbia kama wengine. Hadithi ya usiku ule kila mtu wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, anayo yake, sitairudia. Yaliyonisumbua mimi yalikuja nyuma. Lava ilikuwa imeshasimama kule Buhene, pembezoni mwa mji, ila ardhi ndiyo ikakataa kutulia: ilitetemeka mchana na usiku, hadi kuta zikapasuka. Tarehe 27 wakazi wa mitaa 10 wakaambiwa wahame, na Mapendo yetu ikiwemo. Tukashika njia ya Sake. Mwezi wa sita tukarudi.

Mimi ni fundi cherehani. Mkasi wangu mkubwa unaning'inia kwenye msumari kando ya dirisha, na siku zile ndio uliokuwa kipimo changu: ukiyumba tu, niko nje. Basi mitetemeko ikaisha, lakini macho yangu hayakupata habari. Nashona kidogo, natazama mkasi. Usiku naumulika kwa tochi ya simu. Nikiuona umetulia, naenda mlangoni kuupapasa mfuko wa kukimbilia: kadi ya uchaguzi, vitenge viwili, dawa, pesa kidogo. Na kwa kuwa simu iko mkononi tayari, nafungua WhatsApp. Kundi la ukoo, kundi la kanisa, kundi la mafundi, kila moja lilikuwa na nabii wake. Mmoja anasema ziwa litalipuka. Gesi kwenye maji ya kina ya Ziwa Kivu ipo kweli, sibishi, lakini wale manabii walikuwa wanataja mpaka saa.

Ikafika hali nalala masaa matatu kwa usiku. Kahawa ndiyo ikanishika mkono mchana kutwa. Siku moja nikamkatia mteja suruali, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa mlangoni pangu, akaitazama ile suruali, akanitazama mimi, akasema, "Binti yangu, wewe bado hujarudi kutoka Sake."

Huyu mama lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita juu ya nyumba yake. Ile anayokaa sasa, msingi wake ni mawe yaleyale meusi. Kwa hiyo sikuweza kumwambia kwamba haelewi.

Hakunipa mashauri. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alinigongea, akanipa kidumu, tukashuka ziwani. Kesho kutwa tena. Nilikuwa nanung'unika, maji yenyewe tungeweza kununua kwa muuzaji! Lakini kuna kitu kilitokea njiani, kwa kupishana na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kusalimia watu, kupanda na mzigo. Nilirudi nimechoka uchovu wa mwili, si ule wa kichwa. Na kwa kuwa nilijua atagonga, nikaanza kulala mapema. Jioni alinikalisha kwenye ungo wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tunachambua, anazungumza. Siku ya nne au ya tano nikajikuta namsimulia usiku wa Mei, kitu ambacho sikuwa nimemsimulia mtu.

Yeye ndiye aliyenisukuma hadi kituo cha afya. Niliogopa, maana kwetu ukisema kichwa kinakusumbua, watu wanasikia wazimu. Muuguzi hakushangaa hata kidogo. Alisema mwili uliozoea kukimbia huchelewa kuamini kwamba mbio zimeisha. Akanifundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, polepole, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mbio za moyo. Akanikataza kahawa baada ya saa sita mchana. Akasema nikiona wiki zinapita bila nafuu, au mawazo ya kufa yakinijia, nisingoje, nirudi siku hiyohiyo.

Kuhusu mfuko, nilidhani ataniambia niutupe. Hapana. Goma mfuko ni akili, alisema, ila uchagulie siku yake. Nikachagua Jumapili baada ya ibada: naufungua, nahesabu vitu, naufunga. Hofu ikija Jumatano usiku naiambia ingoje Jumapili. Wiki za kwanza ilikataa, niliamka mara kadhaa nikaupapasa. Simu nayo nikaanza kuiacha kwenye meza ya cherehani kuanzia saa mbili usiku. Hili lilikuwa gumu kuliko kahawa.

Kuna yaliyonishinda. Mkesha wa maombi ulinifariji lakini uliniibia usingizi niliokuwa nautafuta, nikabaki na misa ya asubuhi. Rafiki alinishauri niandike mawazo kwenye daftari, nikaandika kurasa mbili, ya tatu ikawa vipimo vya wateja.

Tangu wakati huo mji huu umeona mengine mazito, na sikusema kwamba siogopi. Kuna usiku nahesabu pumzi mpaka nachoka kuhesabu. Kidumu bado ninacho.

Mkasi niliuficha ndani ya droo karibu mwezi mzima, ukanivunjia sindano mbili, nikaurudisha kwenye msumari. Jana lori la makaa lilipita hapa nje, ukayumba. Nikautazama. Mama mwenye nyumba naye, kutoka mlangoni, akautazama. "Lori," akasema. Nikaendelea na pindo.