Romano wa Napoli, Mngazija wa Magomeni

Kipindi cha usajili kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni kinajaa mpaka watu wanakalia matofali, na kila mwenye bando anasubiri Fabrizio Romano, yule mwandishi Muitaliano wa habari za usajili wa mpira, aandike ile "Here we go" yake, akishaandika hapo ubishi umekwisha, mchezaji kashahama. Sasa juzi dogo mmoja akauliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa, akasema hivi huyu jamaa si Mrumi, mana Romano si ndo mtu wa Roma? Nikamwambia hapana, kazaliwa Napoli mwaka 1993. Akasema sasa mtu wa Napoli anaitwaje mtu wa Roma? Kabla sijafungua mdomo mzee wa kahawa, yupo anasuuza vikombe kwenye ndoo yake hata kichwa hajainua, akasema, "Na huyo unaemuuliza anaitwa Mngazija, muulize Ngazija kafika lini."

Sijafika. Baba yangu pia hakufika. Babu ndo alitoka huko visiwani Komoro, akapita Unguja, akaja Dar, na mi mpaka leo kwenye kitambulisho jina langu la tatu ni Mngazija. Nilirudi nyumbani usiku ule nikashindwa kulala, nikawa nasoma kuhusu majina ya Waitaliano mpaka simu ikaniunguza mkono, na wiki nzima hii sijaacha, kwahiyo nimeona niandike mana naona hili jambo linatuhusu sana sisi watu wa mji huu.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni hiki: jina la mahali mtu hapewi akiwa kwao. Fikiria upo Roma miaka ya zamani, kila unaekutana nae ni Mrumi, sasa ukimwita mtu "Mrumi" umemtofautisha na nani? Jina linaanza siku ametoka, amefika mji wa wenyewe, pale wenyeji wana Giovanni saba na huyu Giovanni wa nane hawamjui baba yake wala kazi yake, wanachojua ni alikotoka tu. Basi anakua Giovanni Romano. Ni kama ilivyo kwetu, Pemba nzima hakuna anaeitwa Mpemba, ila aje afungue duka la mchele mtaani kwako uone.

Mfano mzuri kuliko yote ni mchoraji mmoja wa zamani. Alizaliwa Roma karibu na mwaka 1499, jina lake Giulio Pippi, akawa mwanafunzi wa Raphael, mchoraji maarufu. Mwaka 1524 akaitwa kwenda Mantova, mji wa kaskazini, kumfanyia kazi mtawala wa kule, na kule ndo akajenga na kuchora vitu vikubwa vya maisha yake mpaka akafa 1546. Dunia yote leo inamjua kama Giulio Romano. Angebaki Roma angebaki Pippi.

Zamani Waitaliano walikua na jina moja tu kama watu wengi duniani, afu miji ilipokua mikubwa na biashara ikaongezeka ndo wakaanza kuongezea kitu cha kutofautisha. Wengine jina la baba, ndo hao kina Di Giovanni. Wengine kazi, Ferrari mnaemshangilia kwenye magari asili yake ni fundi chuma, mhunzi. Wengine muonekano, Rossi na Russo ni wekundu, mambo ya nywele na ndevu, na hapo hapo ramani inajionesha yenyewe, Rossi wapo zaidi kati na kaskazini, Russo wapo zaidi kusini. Na wengine ndo mahali. Kilichoyagandisha ni karatasi. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, yani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, uliagiza kila paroko, padri wa parokia, aandike daftari la ndoa na la ubatizo, na paroko akishaandika "Romano" kwa baba, mtoto nae anaandikwa Romano, mjukuu Romano, hata kama huyo mjukuu hajawahi kuona Roma maisha yake yote na hatojua nani kwenye ukoo alitoka huko. Hapa ndo nilipoweka simu chini nikamkumbuka babu, nitarudi kwake.

Ukishajua hilo majina ya Waitaliano yanafunguka yote, yani unasoma jina unaona safari. Vito Volterra, mtaalamu mkubwa wa hesabu, jina lake ni mji wa Volterra kule Toscana lakini kazaliwa Ancona, upande mwingine wa nchi, bahari nyingine kabisa. Wayahudi wa Italia wana majina mengi ya namna hii, Modigliani ni mji wa Modigliana, Pontecorvo ni mji, Recanati ni mji, mana walihamahama sana na kila walipofika waliitwa kwa walipotoka. Ettore Messina kocha wa basketi jina lake ni mji wa Messina, kazaliwa Catania. Huyo safari yake ndogo, kisiwa ni kilekile cha Sicilia, ila hata kwa hatua chache jina lishabadilika kuwa alama ya ugeni.

Ila Romano ni jina gumu kuliko hayo, na hapa naomba mnivumilie mana ndo utamu ulipo. Si kila Romano babu yake alitoka mji wa Roma. Wengine limetokana na jina la kwanza tu, kuna watakatifu walioitwa hivyo na watu wakawapa watoto wao, hata yule waziri mkuu wa zamani wa Italia Romano Prodi, Romano ni jina lake la kwanza. Wengine asili ni vijiji na miji midogo ya kaskazini, kuna Romano di Lombardia, kuna Romano Canavese, kuna Romano d'Ezzelino ambayo imebeba jina la ukoo wa watawala wa kule, kina Ezzelino da Romano, na yule wa tatu aliefariki 1259 alikua mkatili watu wakamuogopa mpaka vizazi vilivyofuata.

Afu kuna hii nyingine. Mwaka 568 waliingia Italia watu kutoka kaskazini wanaitwa Walongobardi, wakateka sehemu kubwa, na jimbo la Lombardia limechukua jina kwao. Sehemu ambazo hawakuzipata zikabaki chini ya mfalme wa Konstantinopoli, ndo Istanbul ya leo, na watu wa himaya ile, hata kama walikua wanaongea Kigiriki na hata kama Roma yenyewe iko mbali nao, walijiita Warumi. Walijiita hivyo mpaka mji wao ulipoanguka 1453. Ndo mana si mbali na Lombardia kuna sehemu inaitwa Romagna, maana yake nchi ya Warumi, upande wa Ravenna. Na kusini kule, Puglia, Calabria, Sicilia, Napoli, utawala au ushawishi wa hawa Warumi wa Konstantinopoli ulikaa muda mrefu sana, Bari waliipoteza 1071. Kwahiyo kusini kumwita mtu Romano iliweza kumaanisha huyu ni wa upande ule, si wa hawa waliokuja.

Na hawa Warumi sisi tunawajua! Sote tunawajua. Aliesoma madrasa anajua sura ya 30, Ar-Rum, ghulibati-r-rum, Warumi wameshindwa, wale Warumi walioshindwa na Waajemi si wa Roma ya Italia, ni hawahawa wa Konstantinopoli. Nilisoma ile sura tangu nina miaka tisa, nikiimba kwa sauti na wenzangu kwenye jamvi, na sikuwahi kujiuliza hata siku moja hawa Warumi ni wapi hasa. Na kuna Maulana Rumi, yule mshairi aliefariki Konya mwaka 1273. Yeye asili yake pande za Balkh, mashariki kabisa huko, ila aliishi Anatolia, Uturuki ya leo, nchi ambayo Waislamu walikua wanaiita Rum kwa sababu ilikua ya hao Warumi kabla, basi akawa Rumi. Ukienda Afghanistan wanamwita Balkhi, mana kwao wao ni mtoto wao wa Balkh. Mtu mmoja, majina mawili ya mahali, inategemea nani anamwita na amesimama wapi. Kwahiyo Rumi na Romano wa kwenye simu zetu, mzizi wa jina ni mmoja. Nilipomwambia mzee wa kahawa hilo aliacha kikombe akanitazama, akasema "Subhanallah", akaniongezea kashata bila kulipia.

Sasa leo hao kina Romano wapo wapi. Italia jina hili lipo ndani ya kumi ya kwanza kwa wingi, pamoja na hao Rossi, Russo, Ferrari, Esposito na Bianchi. Na wengi wao wapo kusini, Campania ambako ndo kuna Napoli, Sicilia, Puglia, Calabria, kwahiyo huyu Fabrizio kuzaliwa Napoli wala si ajabu, ajabu ingekua kinyume chake. Kaskazini na kati unakutana zaidi na Romani, wanapenda kumalizia na i, kama kusema "wa kina Romano". Utawakuta pia Torino na Milano, hao sehemu kubwa ni baada ya vita ya pili, watu wa kusini walipopanda treni kwenda kutafuta kazi viwandani, Torino kwenye magari ya Fiat. Kabla ya hapo, kati ya 1876 na vita ya kwanza ya dunia, waliondoka Italia watu kama milioni 14, wakiwemo wa kusini, wakaenda Marekani, Argentina, Brazil, Ufaransa. Ndo mana Ray Romano yule mchekeshaji kazaliwa New York. Na hata hapa kwetu Waitaliano walifika, TIPER ile ya Kigamboni, kiwanda cha kusafisha mafuta cha zamani, herufi ya I ni Italia, kilijengwa miaka ya sitini.

Narudi kwa babu.

Kuna cheti cha kuzaliwa cha baba, shangazi anakitunza kwenye bahasha ndani ya sanduku la kanga, karatasi imekua rangi ya chai na kwenye mikunjo imeanza kuachia. Jumamosi nilienda kwake Temeke nikamuomba anioneshe, tukakitandaza kitandani. Sehemu ya jina la baba ameandikwa babu kwa mwandiko mzuri wa kulala, jina lake na jina la baba yake, afu kimeachwa kinafasi, afu "Mngazija", wino uleule lakini mwandiko umebanwa kama mtu kaongezea baada ya kuuliza swali. Sehemu ya kabila, chini yake, ipo tupu. Shangazi akasema karani alimuuliza babu, "Wewe mtu wa wapi?" na babu akajibu alivyoulizwa. Basi ndo hivyo. Neno lililotakiwa kukaa kisanduku cha chini likakaa cha juu, tukawa ukoo.

Nikamuuliza shangazi, kwao huko babu alikua anaitwaje? Akasema kwa mji wake, mana Ngazija mtu anaulizwa mji wake, hakuna anaekuita Mngazija wakati wote ni Wangazija. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Unajua mdogo wake alirudi?"

Hii sikuwa naijua. Babu alikua na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, waliishi wote Unguja. Babu akavuka kuja Dar, mdogo mtu akabaki, na baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yalivyobadilika nae akaondoka, ila yeye akarudi Ngazija, akaoa Moroni, akazaa. Shangazi ana namba ya mjukuu wake mmoja, wanatumiana salamu za Idi. Nikamuandikia usiku uleule, nikajitambulisha, jina langu lote matatu. Asubuhi nikakuta sauti, dakika nne, Kiswahili kizuri tu kina lafudhi ya Kiunguja ambayo nadhani kajifunza kwa babu yake. Anasema amefurahi mpaka kalia, anasema jina la Mngazija limemshangaza mana huko kwao ni kama kuitwa "mtu". Anasema huko kila mtu ana alikotoka, waliofukuzwa Mahajanga kule Madagaska miaka ya sabini mpaka leo wanaitwa Sabena, jina la shirika la ndege lililowarudisha. Nikamjibu nikamuuliza, na nyinyi je, ukoo wenu mnaitwaje?

Akatuma sauti fupi, sekunde sita. "Sisi ndugu yangu? Sisi huku tunaitwa kwa Mzanzibari."