Nilitafuta uhai Zohali nikakutana na konokono

Mwaka wa mwisho chuoni nilikuwa nasoma ubunifu wa bidhaa, na projekti yangu ilikuwa kasha la kubebea kamera. Kila sampuli nikiidondoshea uzito inapasuka, tena ufa unapenya kutoka nje mpaka ndani. Naongeza unene, linakuwa zito, bado linapasuka. Zimebaki siku tatu niwasilishe, nikachoka, nikafungua laptopu nisome mambo ya anga maana ndo kitu nakipenda tangu utotoni.

Nikaanza na Enceladus, ule mwezi mdogo wa Zohali ambao mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliukuta unarusha mvuke na chembe za barafu, na chini ya ile barafu kuna bahari. Sasa wanaotafuta uhai huko wanajiuliza kiumbe ataishije kwenye giza lile bila jua, na jibu wanalitafuta hapahapa duniani, kwenye chemchemi za moto za sakafu ya bahari, zile zilizoonekana 1977 karibu na Galápagos, ambako viumbe wanategemea kemikali badala ya mwanga. Nikasoma chemchemi moja hadi nyingine, saa nane usiku hiyo, mpaka nikafika kwa konokono wa Bahari ya Hindi aliyegunduliwa 2001, zaidi ya mita 2,000 chini. Ganda lake lina tabaka tatu: nje madini ya chuma na salfa, ndani chokaa, na katikati tabaka nene, laini.

Laini! Nilisimama kabisa. Watafiti walilikandamiza ganda lile kwa ncha ya almasi wakaona nyufa ndogondogo za nje zinakula nguvu ya pigo, halafu lile laini linamalizia. Mimi miezi yote nilikuwa napigana na ufa usitokee, kumbe yeye anauruhusu utokee ila hauendi mbali. Na mimi mbunifu ningechunguliaje huko chini kama si hamu yangu na bahari ya ule mwezi wa Zohali?

Asubuhi nikabandika mpira kati ya plastiki mbili, nikadondosha uzito uleule. Nje pakachanika kama utando wa buibui. Nikafungua, nikamulika ndani kwa tochi ya simu, nikapapasa kila kona kwa kidole, hamna hata mchirizi. Nikamwita jirani yangu wa chumba cha pili aje naye apapase.